Mwalimu Aliyekuwa Nyuma ya Ukuta

Mimi naitwa Joyce. Ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Tukuyu. Nafundisha Bulyaga, kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Nina miaka hamsini na mitatu na magoti yananiuma, kwa hiyo msishangae nikinung'unika. Mvua ya huku haina adabu. Inanyesha asubuhi, inakuachia saa moja ule chakula, halafu inaendelea pale ilipoishia.

Wanafunzi wangu ni watu waliochoka. Wengine wametoka kuchuma chai tangu alfajiri. Wengine wametoka kiwandani. Wanakaa kwenye benchi, wanafungua daftari, macho yanajifumba yenyewe. Simlaumu mtu. Hata mimi siku nyingine nasinzia nimeshika chaki.

Kati yao alikuwepo mama mmoja anaitwa Debora. Anatoka Masukulu, na Masukulu si karibu. Akipata bodaboda anapanda. Asipopata anatembea. Ana miaka thelathini na sita, na kwa miaka kumi na sita amechuma chai. Kila siku ni kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, umande mpaka mapajani. Mwaka huu mgongo ulikataa. Akaenda kwa daktari.

Daktari akamwambia, "Mama, mgongo huu hautaki kikapu tena. Ukiendelea, itafika siku utashindwa kuinuka kitandani."

Kusema ni rahisi. Lakini kikapu ndicho kilichokuwa kinalipa ada ya binti yake, aliye shule ya bweni.

Basi ikatokea nafasi. Chama cha wakulima wa chai anakouzia majani kilianza kupokea wageni kutoka nje. Wageni hao wanataka kuona chai inavyochumwa, na wanataka kusikia maisha ya mchumaji. Chama kikatafuta mwanamke mmoja wa kuwatembeza. Awe mchumaji wa kweli. Na aweze kueleza kwa Kiingereza maisha yake ya zamani na ya sasa. Usaili ungefanyika baada ya mwezi mmoja.

"Mwalimu, nafasi hii ikinipita narudi kwenye kikapu," Debora aliniambia. "Na kikapu kitanimaliza."

"Hakitakumaliza," nikasema. "Kaa chini. Tuanze."

Siku hiyo nikafundisha darasa zima namna ya kusema mazoea kwa Kiingereza.

"Jambo ulilokuwa unafanya zamani, na sasa umeacha," nikawaambia, "unaanza na 'I used to'. Rubeni, wewe umeacha nini?"

Rubeni ni mzee wa kiwandani, anakaa benchi la mwisho. Akasema, "Nimeacha sigara, mwalimu."

"Basi sema, 'I used to smoke'. Maana yake, zamani nilikuwa navuta."

Akasema vizuri tu. Mtu mmoja akadakia, "Na pombe je, mzee?"

"Ya pombe usiniulize," Rubeni akajibu. "Hiyo bado."

"Kama bado, hiyo usiisemee 'used to'," nikasema. Darasa likacheka, na usingizi ukapungua kidogo.

Nikaendelea. "Jambo ambalo umeshalizoea, halikusumbui tena, unasema 'I am used to'. Kwa mfano mvua ya hapa. 'I am used to the rain.' Nimeizoea mvua. Na jambo jipya ambalo mwili bado unaligomea, lakini unajikaza, unasema 'I am getting used to'. Maana yake, ninalizoea pole pole."

Debora aliandika kila kitu. Hapo sasa ndipo mimi nilipokosea. Nilikuwa nimechoka, na kumwandikia hotuba ilikuwa rahisi kuliko kumfundisha. Nikamwandikia kurasa mbili za Kiingereza safi. Nikamwambia, "Nenda kakariri."

Jamani, alikariri! Wiki moja tu, zote mbili kichwani. Alisimama mbele ya darasa akazitoa kama mtoto anayesema mistari ya Sikukuu ya Krismasi. Nikafurahi. Lakini alipofika katikati nikamkatiza, nikamuuliza kwa Kiingereza anaamka saa ngapi.

Akatazama juu. Kisha akaanza upya, "My name is Debora..."

Nikamkatiza tena. Akaanza upya tena. Mara ya tatu nikashikwa na hasira.

"Hivi wewe," nikasema, "si nasikia baba mkwe wako alifundisha Kiingereza miaka thelathini? Na mnakaa ua mmoja! Kwa nini usimkalishe jioni akufundishe, unakuja kunimalizia nguvu hapa?"

Debora akainamisha kichwa. Akafunga daftari lake pole pole.

Alhamisi hakuja. Jumanne hakuja.

Siku hiyo ya Jumanne Rubeni akabaki nyuma wenzake walipoondoka. Akasema, "Mwalimu, ulimwambia Debora neno zito."

"Neno gani?"

"Ulimwambia akamkalishe baba mkwe wake. Mbele ya watu. Nyumba ile bado wanashika mila."

Loo! Nikakaa kwenye benchi. Mimi ni Mnyakyusa, nimezaliwa Suma. Nayajua mambo hayo. Kwa mila ya zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hali naye. Haongei naye. Hamtaji jina. Bibi yangu akimwona baba mkwe wake njiani, alikuwa anaingia migombani mpaka mzee apite. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, nyingine hazijalegeza. Mimi nimekaa mjini muda mrefu, nikasahau kwamba hizo nyingine zipo. Niliona aibu sana.

Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Masukulu. Matope yalinifika mpaka kwenye sketi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufika siku ya usaili.

Nilimkuta Debora jikoni anamenya ndizi. Kikapu cha chai kilikuwa kimeegemea ukuta, na kilikuwa kimelowa.

"Umerudi kuchuma?" nikauliza.

"Ningefanyaje, mwalimu?" Hakunitazama.

"Debora, nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea kusema vile."

"Yameisha, mwalimu."

"Hayajaisha. Umeacha darasa."

Akaweka kisu chini. Akakaa kwenye kigoda taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Mwalimu, nimeolewa hapa miaka kumi na miwili," akasema. "Sijawahi kuongea na baba hata siku moja. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye alikuwa katikati yetu. Baba akitaka kitu anamwambia mama, mama ananiambia mimi. Mama alifariki miaka minne iliyopita. Sasa mume wangu Joel akiwa kiwandani, naweka chakula mlangoni kwa baba. Nakohoa. Naondoka. Akimaliza anasukuma sahani nje. Ndivyo tunavyoishi."

"Pole, mwanangu."

"Na ile karatasi yako nilikuwa naisoma hapa jikoni kwa sauti. Baba chumba chake ni hapa hapa, nyuma ya ukuta huu. Basi nikisoma, anagonga ukuta kwa fimbo. Ko! Naendelea, anagonga tena. Nikaona namkera mzee wa watu. Nikaacha."

Nikamuuliza, "Anagonga muda wote?"

"Hapana. Sehemu sehemu."

"Ilete hiyo karatasi. Soma nisikie."

Hakutaka, lakini alisoma. Aliposema kwamba anaitwa Debora, ukuta ulikuwa kimya. Aliposema anatoka Masukulu, kimya. Kisha akasoma, "I used to wake up at five and cook." Maana yake, zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri na kupika.

Ko!

Akasoma, "I am used to my new life." Nimeyazoea maisha yangu mapya.

Ko!

Akasoma, "I used to have pain in my back." Zamani nilikuwa naumwa mgongo.

Ko! Ko! Ko!

Nikaichukua karatasi mikononi mwake. Kiingereza changu kilikuwa hakina kosa. Lakini mambo yenyewe yalikuwa uongo. Debora bado anaamka saa kumi na moja. Bado anapika. Mgongo bado unamuuma. Hakuna maisha mapya aliyoyazoea. Mimi niliandika tu mambo mazuri ya kuwafurahisha wageni.

"Debora," nikasema, "huyu mzee hajakereka. Anasahihisha."

Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikapiga hodi mlangoni kwake. Mzee Andrea alikuwa ameketi kwenye kiti kilichogusa ukuta wa jikoni, fimbo mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwandikia mkwe wangu ile karatasi?"

"Ndiyo, baba."

"Umeandika uongo kwa Kiingereza kizuri."

"Nilikuwa nimechoka, baba."

"Nani hajachoka?" akasema. "Kila alfajiri namsikia akiinua ndoo. Anaguna. Wewe unaandika kwamba zamani alikuwa anaumwa mgongo. Zamani lini? Jana?"

Nikamwachia amalize hasira yake. Alikuwa na haki nayo.

Baadaye nikamuuliza, "Sasa baba, kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nimwambieje? Ni mkwe wangu." Akatazama sakafu. "Mama Joel angekuwepo ningemtuma. Sasa nina fimbo tu. Nimechoka, mwanangu. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Mtu wa nyumbani kwangu anahangaika na Kiingereza hatua tatu kutoka hapa nilipo, na mimi nagonga ukuta kama mwendawazimu. Na kula peke yangu pia nimechoka."

Aliyasema hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso.

Kisha akanieleza jambo. Alipokuwa kijana, baba yake alimlegezea mila mke wa kaka yake. Aliita mashahidi wawili, akatoa blanketi, akamwambia mkwe wake kwamba heshima aliyompa inatosha. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea.

"Basi nawe fanya hivyo," nikasema.

"Na yeye akikataa? Hili si langu peke yangu. Muulize kwanza."

Joel, mume wa Debora, alirudi jioni akiwa na masizi ya kiwandani usoni. Alipoelezwa hakufurahi hata kidogo.

"Baba, watu watasemaje? Mke wangu akae meza moja na wewe?"

"Hao watu ndio watakaombeba mgongo ukikatika?" baba yake akamuuliza.

"Lakini ndivyo tulivyozoea, baba."

"Mazoea yana taabu," mzee akasema. "Hata mimi nimezoea. Unafikiri nimezaliwa leo?"

Joel akaenda kunawa uso, alikaa huko muda mrefu, na aliporudi hakupinga tena. Mimi nikamfuata Debora jikoni. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia pia kwamba akikataa, nitaondoka na sitalitaja tena.

Alichochea moto mpaka ndizi zikaanza kuchemka.

"Naogopa, mwalimu," akasema. "Siku ya kuolewa mama yangu alinifunda mila hii. Alisema nisimsogelee baba mkwe. Nikiacha, si nitaonekana sina adabu?"

"Adabu unayo. Wala hakuna anayekulazimisha. Mzee mwenyewe kasema uulizwe."

"Kasema niulizwe?"

"Ndiyo."

Akafuta macho kwa kanga. Akasema, "Basi nataka. Mgongo umechoka. Na nimechoka kumkimbia mtu anayenisikia kila siku."

Jumapili baada ya ibada tukakaa uani. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na mzee wa kanisa anayeitwa Amoni. Mzee Andrea alikuwa amevaa koti lake la ualimu. Akatoa kitenge kipya na kuku jike aliyefungwa miguu.

"Mkwe wangu," akasema, "heshima uliyonipa imetosha. Hukunikosea siku hata moja. Kuanzia leo ongea nami."

Debora alikuwa amechuchumaa, macho chini. Akapokea kitenge kwa mikono miwili.

"Ndaga, baba," akasema. Ahsante, baba.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya miaka kumi na miwili. Kuku akapiga kelele, tukacheka wote, na mambo yakawa mepesi kidogo.

Msidhani kwamba kesho yake walikuwa wanapiga soga. Siku ya kwanza ya somo Debora aliweka kiti chake akielekea mlangoni. Mgongo kwa mwalimu! Mzee Andrea hakumkemea. Akafundisha hivyo hivyo, akiongea na kisogo kilichofungwa kitambaa. Siku ya pili kiti kikageuka kidogo. Siku ya nne alikaa ubavu. Nilipokwenda siku ya saba, alikuwa amemwelekea, ingawa macho yalikuwa bado kwenye daftari.

Na mzee alifundisha tofauti na mimi. Kwanza aliniomba ruhusa, akaichana karatasi yangu.

"Usiniletee hotuba," akamwambia Debora. "Niambie maisha yako kwa Kiswahili. Kiingereza kitafuata. Zamani ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hufanyi?"

Debora akafikiri. "Nilikuwa natembea peku kwenda shule."

"Sasa unatembea peku?"

"Hapana, baba. Nina mabuti."

"Basi sema."

"I used to walk to school barefoot."

"Vizuri. Na kuamka saa kumi na moja, umeacha?"

"Sijaacha."

"Kama hujaacha, utasemaje?"

"Every morning I wake up at five." Kila asubuhi naamka saa kumi na moja.

"Eee! Huo ndio ukweli. Na umezoea nini, hata hakikusumbui tena?"

"Mvua. I am used to the rain."

"Na nini hujakizoea?"

Debora akatazama daftari. Akacheka kidogo, akaficha mdomo. "Kuongea mbele ya watu. I am not used to it."

"Lakini unajitahidi?"

"I am getting used to it."

Kila jioni alimuuliza mambo yale yale, lakini hakuyauliza kwa mpangilio. Leo anaanzia mwisho, kesho katikati. Leo anauliza kuhusu mvua, ghafla anarukia mgongo. Ilimlazimu Debora afikiri maisha yake badala ya kutafuta ukurasa. Alikosea sana. Siku nyingine alirudi kutoka kuchuma akiwa hoi, akajibu kwa Kiswahili, Kinyakyusa na Kiingereza katika pumzi moja.

"Kosea tu," mzee alimwambia. "Kukosea mbele yangu si aibu. Umetoka shamba, umechoka. Hata mimi nimechoka. Tufanye nusu saa, basi."

Nusu saa kila siku. Hawakuzidisha. Wewe unayesoma hapa, kama unajifunza lugha yoyote, shika hilo. Anza na siku yako mwenyewe. Sema yale unayoyafanya kweli, kwa sauti, na mtu anayekusikiliza. Usikariri maisha ya mtu mwingine, maana ukiulizwa swali moja tu unapotea njia. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyempoteza Debora.

Siku ya usaili ikafika. Nilimsindikiza mpaka ofisi ya chama. Alikuwa amevaa kile kitenge alichopewa. Walikuwepo wanawake wengine wanne, na wawili kati yao walikuwa wamemaliza kidato cha nne. Debora aliwaona akakosa raha.

"Mwalimu, turudi nyumbani," akaninong'oneza.

"Turudi na mvua hii? Ingia ndani."

Dirisha lilikuwa wazi. Nilikaa kwenye ngazi nje, nikasikia kila neno. Dada anayesaili aliitwa Lilian. Alikuwa na sauti ya upole, lakini maswali yake hayakuwa na huruma. Alirukaruka kama Mzee Andrea. Kuamka, kikapu, mvua, shule, chakula. Debora alijibu. Pale alipokwama alifikiri, akaendelea. Hakurudi kwenye "My name is Debora" hata mara moja.

Kisha Lilian akamuuliza kwa Kiingereza, "Ni jambo gani jipya ambalo limekuwa gumu kwako kulizoea?"

Swali hilo kwa namna hiyo hatukuwahi kulifikiria. Debora alifikiri mpaka nikasikia mvua kwenye bati ikipungua.

Kisha akasema, pole pole, neno moja moja:

"I used to run from my father-in-law. Twelve years. Now we sit. We talk. I am not used to it. My heart goes fast. But I am getting used to it."

Yaani, zamani nilikuwa namkimbia baba mkwe wangu. Miaka kumi na miwili. Sasa tunakaa, tunaongea. Sijazoea. Moyo unanienda mbio. Lakini ninazoea pole pole.

Lilian akaweka kalamu chini. Akamuuliza kama ni jambo zuri.

"Yes," Debora akasema. "I am tired. But it is good." Ndiyo. Nimechoka, lakini ni jambo zuri.

Wakaitwa wote tena baada ya saa moja. Jina lililosomwa lilikuwa la Debora.

Alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Mpaka leo anatembeza wageni kwenye chai, kwa miguu yake, bila kikapu. Mgongo haujapona wote. Siku za baridi kali unauma, lakini anainuka kitandani mwenyewe. Ada ya binti inalipwa. Masukulu wapo waliosema maneno, nao wamechoka kusema. Na mimi ninajizoeza kutowafokea wanafunzi. Sijazoea vizuri, ila najitahidi.

Lakini mimi siku ninayoikumbuka ni ile ile ya usaili. Debora alitoka ofisini akakaa kando yangu kwenye ngazi. Hakuruka wala kupiga vigelegele. Alikaa tu, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetua mzigo.

"Mwalimu, naomba nikae kidogo," akasema. "Nimechoka."

"Kaa, mwanangu. Nani anakufukuza?"

Tukakaa. Kisha akatoa simu. Nilidhani anampigia Joel. Nikasikia inaita mara mbili, kisha mtu akapokea.

"Baba," akasema. "Ni mimi, Debora. Nimepata."

Upande wa pili tukasikia fimbo ikianguka chini, na mzee akipaza sauti uani kwa nguvu zake zote.

"Joel! Joel, we! Mke wako amepata kazi! Kaniambia mwenyewe! Kanipigia mimi, kaniambia mwenyewe!"